MPIRA WA UBELGIJI: SHIDA ZAKE NA MATUMAINI YAKE

Nchi ya Ubelgiji ni ndogo. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 30,500 hivi, na watu wake hawafiki milioni 12. Kongo yetu yaizidi kwa ukubwa zaidi ya mara sabini. Hapa Lubumbashi habari za mpira wao twazisikia kila siku, maana katika timu yao wamo watoto wa watu waliotoka kwetu. Lakini nimeona ya kuwa wengi wetu twajua majina na mabao tu. Twabishana mpaka taa zizimwe: kwa nini nchi yenye akina De Bruyne, Hazard, Courtois na Lukaku haikutwaa Kombe la Dunia? Kwangu mimi swali lenye maana zaidi ni jingine. Nchi ndogo namna ile, isiyoweza hata kuwazuia wachezaji wake wasiondoke, ilipataje kuwa ya tatu duniani mwaka wa 2018? Na je, yaweza kufika huko tena?

Wabelgiji si wageni katika mchezo huu. Chama chao cha mpira kilianzishwa mwaka wa 1895. Tarehe 1 Mei 1904 walicheza na Ufaransa katika Uccle, karibu na Brussels, wakatoka sare 3–3; na mwezi ule ule walikuwa miongoni mwa nchi saba zilizoianzisha FIFA mjini Paris. Mwaka wa 1920 walipata medali ya dhahabu ya Olimpiki katika mji wao wa Antwerp, ingawa kwa namna ya ajabu kidogo: walikuwa wakiongoza 2–0, na Wachekoslovakia wakamkasirikia refa, wakatoka uwanjani kabla ya nusu ya kwanza kwisha, wasirudi. Hata refa wa fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia, huko Montevideo mwaka wa 1930, alikuwa Mbelgiji, Bwana John Langenus.

Nawaombeni mshike vema jambo moja la mwaka wa 1964, kwa kuwa nitalirudia. Tarehe 30 Septemba mwaka huo Ubelgiji walicheza na majirani zao Waholanzi. Golikipa alikuwa wa Liège, na wenzake kumi wote wa Anderlecht. Baada ya mapumziko golikipa yule akabadilishwa, akaingia mwingine wa Anderlecht. Basi nchi nzima ikachezewa na watu kumi na mmoja wa klabu moja, wanaokaa mji mmoja na kufanya mazoezi uwanja mmoja. Siku zile mchezaji mzuri wa Ubelgiji alikaa Ubelgiji. Na Wakongo waliokwenda kutafuta mpira wa Ulaya waliukuta huko: Léon Mokuna alicheza Gent, Paul Bonga Bonga alicheza Standard ya Liège, Julien Kialunda alicheza Union Saint-Gilloise na baadaye Anderlecht. Wazee wetu wanayajua majina hayo kuliko sisi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema. Anderlecht walitwaa Kombe la Washindi la Ulaya mwaka wa 1976 na tena 1978, wakatwaa Kombe la UEFA mwaka wa 1983. Club Brugge walifika fainali ya klabu bingwa mwaka wa 1978, wakafungwa na Liverpool bao 1–0. Mechelen, timu ya mji ambao wengi wetu tungeutafuta kwa taabu katika ramani, waliwafunga Ajax mwaka wa 1988 wakachukua Kombe la Washindi. Timu ya taifa, chini ya mfundishaji Guy Thys, ilifika fainali ya Ulaya mwaka wa 1980, ikawa ya nne katika Kombe la Dunia la Mexico mwaka wa 1986. Huko waliwatoa Warusi kwa 4–3 na Wahispania kwa penalti, hata wakakutana na Maradona, naye akawafunga mabao mawili peke yake.

Lakini ndani ya neema hiyo mlikuwa na uozo, nami sipendi kuupitia kimya kama wanavyofanya wengine wanaopenda kusifu tu. Mwaka wa 1984 ilijulikana ya kuwa watu wa Standard walikuwa wamewahonga wachezaji wa Waterschei mwaka wa 1982 wasicheze kwa nguvu katika mchezo wa mwisho wa ligi. Mwaka wa 1997 ikafunuliwa ya kuwa refa wa nusu fainali ya Kombe la UEFA kati ya Anderlecht na Nottingham Forest, mwaka wa 1984, alikuwa amepewa fedha na mkubwa wa Anderlecht. Tena mwezi wa Oktoba 2018, miezi mitatu tu baada ya furaha ya Kombe la Dunia, polisi walipekua klabu nyingi na nyumba za mawakala kwa ajili ya fedha za siri na michezo iliyopangwa. Na lile la tarehe 29 Mei 1985 halisahauliki: katika uwanja wa Heysel mjini Brussels, kabla ya fainali ya Liverpool na Juventus, watu 39 walikufa. Uwanja ulikuwa mkuukuu. Ukatengenezwa na kupewa jina la Mfalme Baudouin, lakini hata leo Wabelgiji hawajaweza kukubaliana juu ya uwanja mpya wa taifa. Kwa ajili hiyo mwezi wa Desemba 2017 UEFA iliwanyang'anya michezo ya Kombe la Ulaya waliyokuwa wameahidiwa.

Sasa niieleze habari ya Bosman, maana asiyeifahamu hawezi kufahamu neno lo lote la mpira wa Ulaya wa leo.

Jean-Marc Bosman alikuwa mchezaji wa RFC Liège, klabu iliyokuwa bingwa wa kwanza wa Ubelgiji mwaka wa 1896. Mkataba wake ulikwisha mwezi wa Juni 1990. Klabu ilitaka atie sahihi mkataba mpya kwa faranga 30,000 kwa mwezi, naye alikuwa akipata kama 120,000. Akakataa. Akapata nafasi Dunkerque, timu ya Ufaransa, ng'ambo ya mpaka tu. Lakini kwa kanuni za siku zile mchezaji aliyemaliza mkataba hakuwa mtu huru. Klabu yake ya zamani ilikuwa na haki ya kudai fedha kwa klabu mpya. RFC Liège wakawa na mashaka kama Dunkerque wataweza kulipa, wasimwombee cheti cha kuhama, na Bosman akabaki hana huku wala huko. Mfikirieni fundi cherehani wa mtaani kwetu: amemaliza kazi kwa tajiri mmoja, tena ameambiwa mshahara wake utakuwa robo, kisha azuiwe asiende kwa tajiri wa pili mpaka huyo wa pili amlipe yule wa kwanza. Nani asingekwenda kortini? Bosman akaenda. Kesi ilichukua miaka mitano. Tarehe 15 Desemba 1995 Korti ya Ulaya iliyoko Luxembourg ikatoa hukumu: mwenyeji wa nchi za Umoja wa Ulaya akimaliza mkataba aende atakako katika nchi hizo, bila klabu yake kulipwa kitu, tena ile hesabu ya wageni iliyowekwa katika timu isiwahusu watu wa nchi za Umoja.

Hukumu ile ilikuwa ya haki, nami siwezi kuilaumu. Bosman mwenyewe hakuifaidi sana, kwa kuwa siku zake za mpira zilikuwa zimekwisha pita. Lakini tazameni jinsi ilivyoigeuza nchi yake. Kwanza, klabu tajiri za Italia, Uhispania na Uingereza, ambazo zamani ziliweza kuchezesha wageni wachache tu, zikafunguliwa mlango kuwachukua kadiri zitakavyo. Pili, klabu ndogo iliyomlea kijana tangu utoto ikawa lazima imwuze kabla mkataba haujaisha, la sivyo ataondoka bure. Basi klabu ya Ubelgiji ikawa kama mkulima anayeuza mahindi yangali mabichi kwa kuogopa wezi. Lukaku aliondoka Anderlecht kwenda Chelsea mwaka wa 2011 akiwa na miaka 18. Hazard hakuingoja hata ligi ya kwao. Alikwenda Lille, Ufaransa, akiwa na miaka 14.

Sasa rudini katika ule mwaka wa 1964. Wakati ule kumi na mmoja wa taifa walikuwa wa klabu moja ya nyumbani. Katika Kombe la Dunia la 2018, kati ya wachezaji 23 wa Ubelgiji, aliyekuwa akicheza Ubelgiji ni mmoja tu, Dendoncker wa Anderlecht. Wote wengine walikuwa wakiishi kwa watu. Na hata kufika mwaka wa 2025 hakuna klabu ya Ubelgiji iliyofika fainali ya kombe la Ulaya tangu Antwerp mwaka wa 1993. RFC Liège wenyewe walishuka hata daraja la nne, wakapoteza uwanja wao wa Rocourt, na hawakupanda tena daraja la pili mpaka mwaka wa 2023. Lokeren walifilisika mwaka wa 2020, Mouscron 2022, Oostende 2024.

Timu ya taifa nayo ilianguka. Baada ya Kombe la Dunia la 2002 Ubelgiji hawakufuzu tena mashindano makubwa matano mfululizo: Ulaya 2004, Dunia 2006, Ulaya 2008, Dunia 2010, Ulaya 2012. Mwezi wa Juni 2007 FIFA iliwaweka nafasi ya 71.

Lakini wakati ule ule wa aibu kazi nyingine ilikuwa ikifanyika chini chini, na hapa ndipo nataka tukae kidogo. Mwaka wa 2000 Ubelgiji na Uholanzi waliandaa pamoja mashindano ya Ulaya, na Wabelgiji wakatolewa katika makundi mbele ya watu wao. Chama chao kilikuwa na mkurugenzi wa ufundi aitwaye Michel Sablon. Yeye na wenzake wakakaa kuuliza mtoto wa Ubelgiji hufundishwaje mpira. Chuo Kikuu cha Leuven kikasaidia, michezo ya watoto ikapigwa picha za sinema na kuhesabiwa. Walichoona ni kwamba mtoto mdogo akitiwa katika timu kubwa huugusa mpira mara chache mno.

Hesabu yake hata sisi twaweza kuifanya. Chukueni mpira mmoja na dakika 40. Watoto 22 wakigawana sawasawa, kila mmoja hapati hata dakika 2. Watoto 4 wakigawana, kila mmoja ana dakika 10. Tena twajua watoto hawagawani sawasawa. Mwenye mbio na kifua huuchukua wote, na yule mdogo mwenye akili husimama pembeni akitazama ndege. Kwa hiyo Sablon akaagiza watoto waanze wawili kwa wawili, kisha watano kwa watano, kisha wanane kwa wanane, na kumi na mmoja waje baadaye. Wachezeshwe kwa kupiga chenga na kupasiana, si kwa kuupiga mpira mbele na kuukimbilia. Na kwa watoto wa chini ya miaka saba na minane akaondoa kabisa orodha ya pointi. Hapo ndipo alipopata upinzani. Wazazi na wafundishaji hawakupenda. Walitaka kujua nani wa kwanza na nani wa mwisho. Lakini mfundishaji anayehesabu pointi za watoto wa miaka saba atampanga mwenye nguvu kila Jumamosi, na yule mdogo mwenye akili hatacheza.

Nasema hivi nikiyaona ya kwetu. Karibu na shule kuna uwanja mmoja ambapo watoto wa miaka minane hucheza kumi na mmoja kwa kumi na mmoja katika kiwanja cha watu wazima, na golikipa wa mita moja na robo husimama chini ya mwamba wa juu ambao hata mimi siufikii. Mfundishaji hupiga kelele “Piga mbele!” tangu mwanzo hata mwisho. Kugawanya kiwanja kile kwa mawe na kuwapa mipira minne kusingetugharimu utajiri wa Ulaya.

Pamoja na hayo kulikuwa na shule za michezo, ambapo mwanafunzi hufanya mazoezi asubuhi na wafundishaji wa chama, kisha huingia darasani kama wengine. Courtois na Witsel walipita katika shule za namna hiyo.

Wako wanaosema Sablon alisifiwa kwa bahati tu, maana Hazard alikuzwa Ufaransa, na Vertonghen na Alderweireld walimalizia mafunzo yao kwa Ajax, Uholanzi. Kuna ukweli ndani yake. Tena kuna jambo ambalo chama hakikulifundisha: watoto wa wahamiaji waliocheza katika viwanja vya sementi vya Brussels, Antwerp na Liège. Baba yake Kompany alitoka Kongo. Baba yake Lukaku, Roger, alichezea Zaire. Benteke alizaliwa Kinshasa. Origi alizaliwa Ostend, na baba yake, Mike Okoth, ni Mkenya aliyekuwa bingwa na Genk mwaka wa 1999. Lakini watoto hao wangekuja katika nchi inayowapanga kwa ukubwa wa kifua, sijui kama mtu kama Mertens, aliye mfupi, angeonekana. Mimi naona bahati ilikuja na ikakuta mlango u wazi.

Matunda yalianza kuonekana Beijing mwaka wa 2008, vijana walipokuwa wa nne katika Olimpiki. Mwezi wa Novemba 2015 Ubelgiji wakawa wa kwanza katika orodha ya FIFA. Toka 71 hata 1 kwa miaka minane. Mwaka wa 2018 huko Urusi walikuwa nyuma 2–0 mbele ya Wajapani, wakasawazisha, na katika dakika ya nne ya nyongeza Courtois akaudaka mpira wa kona, akamrushia De Bruyne. De Bruyne akakimbia nao mpaka katikati, akampa Meunier, Meunier akaupitisha chini, Lukaku akaruka asiuguse, na Chadli akafunga. Kisha waliwatoa Brazil 2–1. Ufaransa wakawazuia kwa bao 1–0 katika nusu fainali, nao wakawafunga Waingereza 2–0 na kushika nafasi ya tatu. Hawajapata kufika juu zaidi ya hapo.

Halafu ukaja uzee. Katika Qatar mwaka wa 2022 walifungwa na Morocco 2–0 wakatolewa katika makundi. Hazard aliacha mpira mwaka wa 2023. Mwaka huo huo Courtois aligombana na mfundishaji Tedesco, asirudi mpaka mwaka wa 2025 alipokuja mfundishaji mwingine, Rudi Garcia. Mwezi wa Novemba 2025 walifuzu Kombe la Dunia la 2026 bila kufungwa hata mchezo mmoja. Lakini msidanganywe na zile 7–0 za Liechtenstein, maana siku tatu kabla yake walitoka sare 1–1 na Kazakhstan.

Je, matumaini yako wapi? Yuko Doku, aliyezaliwa Antwerp na wazazi kutoka Ghana, ambaye akiwa na mpira mguuni hakuna beki anayelala usingizi. Wako De Ketelaere na wengine. Wasichana nao wamepanda. Mwaka wa 2022 walifika robo fainali ya Ulaya kwa mara ya kwanza. Katika ligi, Union Saint-Gilloise, waliokuwa wamekaa miaka 48 nje ya daraja la kwanza na kurudi mwaka wa 2021, walikuwa mabingwa mwaka wa 2025, miaka 90 baada ya ubingwa wao wa mwisho. Wao walishinda kwa kutafuta wachezaji ambao wengine hawakuwaona, na kuwauza kwa faida. Lakini hapo ndipo penye wasiwasi wangu. Klabu zikiwa na wenyewe wa kigeni na kununua vijana tayari kutoka kila nchi, mtoto wa Genk au Liège atacheza wapi akiwa na miaka 18? Baadhi ya klabu kubwa zimeingiza timu zao za vijana katika daraja la pili ili wapate michezo ya watu wazima. Mimi naona hilo ndilo jambo la kuliangalia, kuliko nani atachukua namba ya De Bruyne.

Na sisi? Nilikuwa na miaka tisa Mbwana Samatta, Mtanzania, alipoondoka hapa TP Mazembe kwenda Genk, Januari 2016. Mwaka wa 2019 Genk walikuwa mabingwa naye akiwa amefunga mabao 23 katika ligi. Tangu hapo kila kijana wa Kamalondo hujiona yu njiani. Lakini alikwenda mtu mzima wa miaka 23, bingwa wa Afrika na klabu yake, tena klabu kwa klabu. Kanuni za FIFA zakataza kijana wa chini ya miaka 18 kuhamishwa toka Afrika kwenda klabu ya Ulaya, isipokuwa kwa sababu chache sana. Na sheria ya Ubelgiji yataka mchezaji wa nje ya Umoja wa Ulaya alipwe mshahara mkubwa, hata klabu haimchukui ila iwe imemwamini kweli. Mwaka jana mtu mmoja alipita mtaani kwetu na karatasi zenye mihuri, akidai kupeleka vijana kujaribiwa huko. Mwenzetu mmoja wa darasa la nne, mwenye miaka 16, alimpa karo ya mwaka mzima. Hajamwona tena mtu yule, wala hajarudi darasani.

Wanafunzi wa zamani mlioko Brussels na Liège, tuandikieni kwa anwani ya gazeti hili: Jumamosi asubuhi, katika viwanja vya watoto karibu na nyumba zenu, wangali wakicheza wawili kwa wawili bila pointi, au wazazi wamekwisha shinda?